Lipu ya Mama Hilda

Wewe unayenisikiliza, kama hukukulia Newala yamkini hujui harufu ya salfa ya alfajiri, kwa hiyo acha nianzie hapo, taratibu, usije ukapotea njiani. Mikorosho inapochipua maua katikati ya mwaka, huingiwa na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajawa korosho. Dawa yake ni salfa, unga wa njano unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni wakati majani bado yana umande. Ndiyo maana sisi watoto wa kule juu tuliamshwa na ngurumo ya mashine kabla jogoo hajamaliza zamu yake, na kitu cha kwanza kutuingia puani kilikuwa harufu ile, kama ya njiti ya kiberiti iliyowashwa na kuzimwa. Ilikaa kwenye nywele, kwenye kanga, hata kwenye uji. Hatukuichukia, kwa kuwa ilikuwa harufu ya shambani na ilitakiwa kubaki shambani. Msimu ninaotaka kukusimulia iliingia mpaka ndani ya sanduku la dada yangu, kwa sababu ya mmea mmoja wa kutambaa usioliwa majani wala matunda, na hadi leo nikikumbuka nashika kiuno.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Kabla ya hapo korosho zilipelekwa kwenye chama cha ushirika, kisha watu wakakaa kusubiri. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wakipandisha malori yao mpaka Newala, na maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa mabati, saruji, redio na mitumba. Kila mwenye mikorosho akaanza kujenga. Naomba uliangalie vizuri neno nililotumia: akaanza. Ukipita mtaani kwetu ungeona nyumba zenye paa jipya linalong'aa na madirisha yaliyozibwa kwa magunia, nyumba zenye sakafu ya saruji na hazina choo, nyumba zenye baraza pana na ndani hakuna kitu. Yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati juu, na kisima cha kuvunia maji ya mvua uani. Kilichokosekana ni lipu. Ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, ulibaki mwekundu na mbichi, udongo ukichungulia katikati ya tofali kama chakula kwenye meno. Baba alisema lipu ni baada ya mavuno yajayo, na alisema kwa namna ambayo hakuna aliyemjibu.

Matatizo yalianza pale dada Hilda, kifungua mimba wetu, alipochumbiwa na Raymondi, fundi seremala wa Masasi mjini. Habari ilikuwa njema mpaka tulipoambiwa kwamba wakwe watakuja kuiona familia mwishoni mwa Agosti, yaani kabla ya mavuno, na kwamba msafara utaongozwa na shangazi yake Raymondi. Shangazi huyo ndiye aliyemlea kijana tangu alipofiwa na mama yake. Sifa zake zilimtangulia. Ilisemekana aliwahi kuvunja uchumba wa kijana mwingine wa ukoo wao kwa sababu alikuta jikoni kwa mchumba sufuria lisilosuguliwa. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, lakini nadhani wahenga waliosema hivyo hawakuwa wakisubiri wakwe. Mama aliutazama ukuta ule kila asubuhi kama mtu anayetazama mtoto aliyetoka nje bila nguo. Hilda naye niliona ameacha kula vizuri. Alimpenda Raymondi kwelikweli, na aliogopa kwamba mapenzi yake yangepimwa kwa saruji.

Basi Mama akaenda Chiwata kumsalimu binamu yake, akarudi na jibu. Ua wa yule binamu ulikuwa umefunikwa wote na mmea unaotambaa, wenye maua ya zambarau mapana kama midomo ya vikombe, na inasemekana ulikuwa umepandwa juzijuzi tu. Mama alifungua fundo la kanga akatuonyesha mbegu: vipande vyeusi, vigumu, vya pembe tatu. Aliambiwa azichomeke tu ardhini na kuziacha, mmea utajijua wenyewe. Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia, nami sitaki kumlaumu Mama peke yake, kwa kuwa hakuna mtu wa kule juu ambaye angeamini maneno yale. Kwetu hakuna kilichojijua chenyewe. Kila jani lililokuwa hai wakati wa kiangazi lilikuwa na ndoo yake na mtu wake wa kuibeba.

Nikueleze maji yetu, maana bila hayo hutanielewa. Newala iko juu, na maji yako chini. Bomba lilikuwepo, lakini lilikuja kama mgeni, halikuzoeleka. Mwenye bati alichimba kisima uani, akakisakafia, akaelekeza mifereji ya paa humo, na mvua za masika zikikatika, alichokuwa nacho ndicho hicho mpaka mawingu ya Desemba. Kwa hiyo visima vilifungwa kwa kufuli. Ufunguo wa chetu aliuvaa Bibi, mama yake Mama, kwenye kamba kiunoni, na hakuuvua hata kanisani. Tulinawa uso kwa kikombe. Maji ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yakasugua sakafu. Mgeni aliyetoka mbali hakupima ukarimu wako kwa kuku uliyemchinjia. Alipimia ndoo ya kuogea. Ukimpa mgeni ndoo nzima, umempa heshima yako yote.

Mama akaupokea mmea ule kama anavyopokewa mgeni wa namna hiyo. Alichimbisha shimo kubwa chini ya ukuta, akalijaza mbolea ya mbuzi, akaweka vijiti vya kupandia mpaka usawa wa bati. Mbolea ilitoka kwa Mama Somoe, jirani yetu wa upande wa kulia, mwanamke aliyekuwa na mbuzi wengi na maneno mengi zaidi. Alileta mwenyewe, akakaa barazani kuona inakwenda wapi. Miche ilipotoa majani alicheka mpaka akashika mbavu, kwani majani yale yalifanana sana na matembele.

"Mama Hilda," alisema, "watu hupanda matembele shambani. Wewe unayafundisha kupanda ukuta?"

Mama alimjibu kwamba hayo ni maua, yatafunika ukuta kabla ya wakwe kufika. Mama Somoe alifikiri kidogo, kisha akaupa mmea jina lililoenea mtaa mzima kabla ya jua kuzama: lipu ya Mama Hilda. Tangu siku hiyo kila apitaye aliuliza hali ya lipu kama anayeuliza hali ya mgonjwa. Lipu imekauka? Lipu imefika dirishani? Na swali la pili lilikuwa lilelile siku zote: inaliwa? Tukisema hailiwi, mtu alitikisa kichwa, akaenda zake akiwa na huzuni ya kweli.

Sasa Bibi. Siku ya kwanza Mama alipoomba ufunguo ili amwagilie, Bibi alitoa. Siku ya pili alitoa akiguna. Baada ya hapo alisema maji yale ni ya midomo, na ua halina mdomo. Mama, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye watoto na nyumba, akarudi kuwa binti anayebishana na mama yake, na sisi tukageuzwa mabomba. Mimi na Hilda tulishuka bondeni kwenye chemchemi kila tulipomaliza kazi nyingine, tukapanda na ndoo kichwani kwa njia ile ya mawe inayokata pumzi. Nataka uelewe uchungu wa jambo hili. Kubeba maji ya kunywa ni kazi, lakini mtu huibeba bila kulalamika, kwa sababu anajua yanakokwenda. Kubeba ndoo ile mlima mzima, ngata imelowa, shingo imezama mabegani, halafu kuyatazama maji yakimezwa na udongo mara moja chini ya kitu kisichotoa hata kisamvu, hilo ni jaribu la imani. Bibi, aliyezoea kuniita mke mwenzake, alinipokea mlangoni akisema, "Pole, mke mwenzangu. Umemnywesha bwana harusi?"

Na mmea ulikua, usifikiri haukukua. Ulikua kwa ufidhuli. Majani yalikuwa mapana kama sahani, mabichi ya kung'aa. Ulipanda vijiti, ukavimaliza, ukashika dirisha, ukashika kamba ya kuanikia nguo, ukazunguka fagio lililoegemezwa ukutani kwa siku chache tu. Baba alikuta umejifunga kwenye waya wa antena ya redio na taarifa ya habari imekuwa mikwaruzo mitupu. Kila asubuhi tulifungua dirisha kwa kusukuma. Mbuzi wa Mama Somoe waliuonja wakauacha, jambo lililomuudhi mwenyewe kana kwamba wametukanwa. Lakini ua hata moja hakuna. Julai ikaingia, ikaanza kuisha, ukuta ukageuka kichaka, na nyumba yetu ikaonekana kama nyumba iliyohamwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Mama alikuwa karibu kulia. Kwa mtu anayekuja kutafuta kasoro, tofali tupu ni umaskini, nao una udhuru. Kichaka ni uvivu.

Hapo ndipo Mama alipofanya kosa ambalo naamini lisingeweza kufanywa mahali pengine popote duniani. Aliwaza kama watu wa kwetu wote wanavyowaza: mmea una majani, hauna maua, basi una ubwiri unga. Baba alikuwa ametoka shambani na mashine mgongoni, salfa imebaki kidogo. Mama alimsimamisha mbele ya ukuta. Baba alieleza kwamba huo si mkorosho. Mama akamuuliza kama anataka binti yake azeekee nyumbani. Baba alikuwa mtu wa amani. Aliwasha mashine.

Nadhani hakuna aliyekumbuka kwamba dirisha lilikuwa wazi. Wingu la njano lilipita kwenye majani, likaingia sebuleni, likatulia juu ya kila kitu kwa upole mkubwa. Hilda alikuwa ametandika kwenye mkeka vitambaa alivyokuwa akivitarizi tangu alipomaliza shule, vyeupe, vya kwenda navyo kwake, akivipanga vizuri ili avirudishe sandukuni. Alitoka nje nywele zake zikiwa za njano, kope za njano, akikohoa, kitambaa kimoja mkononi. Hilda hakuwa msichana wa kupaza sauti. Alisema polepole, kila neno mahali pake.

"Mama, nieleze. Ninaolewa mimi, au linaolewa ua?"

Baba alizima mashine. Kwa mara ya kwanza niliona Mama akikaa chini, palepale kwenye mchanga, miguu imenyooka, kama mtu aliyefika mwisho wa safari akakuta siko. Bibi alitoka jikoni, akatazama binti yake, akatazama mjukuu wake, kisha akaushika ule ufunguo kwa mkono wote. Kuanzia leo, alisema, kisima hiki kimefungwa kwa mmea huo, na hakuna mtoto atakayeshuka bondeni kwa ajili yake. Maji yaliyobaki ni ya wageni. Mama hakubishana. Vitambaa vilifuliwa kwa maji ya mgao wetu wa kuoga, nasi tukanuka salfa pamoja navyo kwa muda.

Mmea ukaachwa. Mchanga chini yake ukakauka ukawa kama majivu. Majani ya chini yakageuka manjano yakadondoka, na Mama alifagia bila kuinua macho. Alikuwa ameshaanza kutafuta mikeka ya kutundika ukutani. Kisha asubuhi moja, kabla ya jua kukolea, Mama Somoe alimwita Mama kutoka barabarani, na sauti yake haikuwa na mzaha ndani yake. Tulitoka wote. Ukuta ulikuwa wa zambarau. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Maua yalikuwa yamefunguka toka chini hadi kwenye bati, mengine juu ya mengine, yenye umande, na nyuki walikuwa wameshafika. Mama hakufurahi, naomba unielewe. Alikasirika. Aliusimamia ule mmea akauuliza, kama anavyoulizwa mtoto mtundu, ni kitu gani hasa ulichokuwa unataka muda wote ule.

Siku ya wakwe tuliamka tukafagia, tukavaa, tukakaa. Walisema watafika asubuhi, na asubuhi ukuta ulikuwa wa kupendeza mno. Lakini gari lao lilichemka kwenye mlima, likasimama, wakangoja lipoe, wakapanda tena, likachemka tena. Sasa nikueleze tabia nyingine ya ua lile: linafunguka alfajiri, na jua likifika utosini linajikunja na kunyauka kama karatasi iliyofinyangwa. Wakwe walifika alasiri. Walichokikuta ni kichaka kilekile, kimening'iniza maua kama vitambaa vidogo vilivyolowa. Mama aliwapokea kwa uso mkunjufu, lakini mimi niliyesimama nyuma yake niliona vidole vyake vikisokota ncha ya kanga.

Shangazi alikuwa mrefu, mkavu, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Hilda alipiga goti akamwamkia, naye akaitikia marahaba bila kuongeza neno. Alitazama ukuta. Alitazama mlango kwa muda mrefu kuliko alivyotazama ukuta. Halafu aliomba, kama kuna uwezekano, maji kidogo ya kunawa. Bibi alifungua kufuli mbele ya watu wote, akamchotea ndoo nzima mpaka ukingoni, na kila mgeni aliyekuwa naye akapata yake. Nilisikia maji yakimwagika bafuni bila haraka. Newala, Agosti, mtu anaoga bila haraka. Alipotoka alikuwa mtu mwingine usoni. Walikula, wakalala, nasi hatukujua kitu.

Asubuhi nilimkuta barazani peke yake, amejifunga kanga ya Mama. Ukuta ulikuwa umefunguka wote. Aliyasogeza majani kwa mikono miwili, taratibu, akachungulia nyuma yake, na wakati huohuo Mama akatokea na birika la chai.

"Mama Hilda," alisema bila kugeuka, "humu mmeficha nini?"

Mama alikuwa amechoka. Nadhani kama angekuwa hajachoka angesema jambo la busara. "Tofali, shangazi," alisema. "Lipu bado."

Shangazi aliyaachia majani. Aliketi kwenye ngazi ya baraza, akaomba chai, akainywa kidogo. Kisha alisema kwamba tangu Masasi alikuwa akiwaza namna ya kutuambia jambo lake. Raymondi amejenga nyumba nzuri, alisema, lakini haina mlango hata mmoja. Nje ameegemeza ubao, ndani ni mapazia.

"Fundi seremala," alisema. "Mji mzima unafunga milango yake, yeye mwenyewe anafunga pazia. Nilipoona mlango wenu jana nikasema basi, binti wa watu hatakubali."

Mama aliweka birika chini. Alianza kucheka kwa namna ya mtu anayekohoa, na shangazi akamfuata, na Hilda akachungulia dirishani katikati ya maua kuona kuna nini. Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Mlango wa mbele wa nyumba yao uliwekwa wiki ya harusi. Ya ndani ilisubiri sana.

Siku hizi nyumba za kwetu zina lipu, rangi, na geti la chuma la kumfanya mgeni agonge kwa jiwe. Matangi ya plastiki yamesimama kila uani, na maji yakikatika watu hushangaa, jambo ambalo sisi hatukuwa na anasa ya kulifanya. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Shingo yangu inakumbuka ile njia ya bondeni, na haikubali. Ila naona watu sasa wanaficha vizuri zaidi, hata hakuna wa kufunua majani na kuuliza. Mimi ninao mmea ule uani kwangu, na majirani hunijia wakilalamika kwamba wao wameupanda, wameutilia mbolea ya dukani, wanaumwagilia asubuhi na jioni kwa mpira, nao umewapa majani matupu. Nawaeleza, wanaitikia, wanarudi nyumbani kuumwagilia. Nimechoka kueleza, lakini kwako nitarudia mara moja zaidi, kwa upendo. Loweka mbegu kwenye maji usiku kucha. Ichomeke kwenye udongo wa kawaida penye jua, usiweke mbolea, uwekee kijiti cha kupandia. Mwagilia mpaka mche ushike kijiti, kisha weka ndoo chini, na usiiguse tena mpaka uone majani yamelegea.